Umeme wa Jua Nyumbani (3): Paneli Ielekee Wapi, na Je, Ilifuate Jua?

Anayetafuta mtandaoni namna ya kufunga paneli za sola hakawii kukutana na shauri hili: zielekeze kusini, ziinamishe nyuzi 30 au 35. Shauri ni sahihi kabisa kwa mkazi wa Munich au Milan. Likifuatwa Kigamboni au Kibaha linaleta hasara, na hasara hiyo inapigika hesabu.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni, saa ya jua kali, jua haliko utosini kwetu. Limeinama upande wa kaskazini kwa nyuzi 30 hivi. Paneli iliyoinamishwa nyuzi 35 kuelekea kusini inakuwa imelipa jua kisogo: pembe kati ya mwelekeo wa uso wake na miale inafika nyuzi 65, na mwanga wa moja kwa moja inaoupokea ni kama asilimia 42 tu ya ule ambao ingeupata ingekuwa inalitazama jua uso kwa uso. Na hiyo ndiyo miezi ambayo masika yamekwisha na anga la pwani limetakata. Mwenye nyumba atalaumu betri, kisha inveta, kisha fundi. Kwa fundi hatakuwa amekosea sana.

Wiki mbili zilizopita tulipima matumizi ya nyumba, wiki iliyopita tukachagua betri. Leo tupande juu ya paa.

Kwanza tujue jua lenyewe linakokaa. Kwa mwaka mzima huhama kati ya nyuzi 23 na nusu kaskazini mwa ikweta na nyuzi 23 na nusu kusini mwake. Watu wa pwani wana njia nyepesi ya kukumbuka. Msimu wa kusi, upepo unapotoka kusini, jua liko kaskazini. Msimu wa kaskazi, jua liko kusini. Hayo hayakutokea kwa bahati, kwa sababu nchi kavu iliyo chini ya jua hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo hukimbilia huko kutoka upande wa pili. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo wa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi liko kusini mwetu, lakini si mbali: hata Desemba halizidi nyuzi 17 kutoka utosini saa ya adhuhuri. Miezi mingine yote liko kaskazini, na huko ndiko linakokwenda mbali zaidi. Kwa hiyo paneli ya Dar es Salaam, Zanzibar, Dodoma au Mbeya, kama ni lazima iiname, iiname kaskazini. Nairobi na Mwanza ziko karibu na ikweta kiasi kwamba upande wowote unakaribia kuwa sawa.

Iiname kiasi gani? Hapa ndipo hesabu inapokuwa na huruma kuliko wengi wanavyodhani. Mwanga unaopotea paneli isipolitazama jua sawasawa haulingani na nyuzi ilizokosea. Unafuata kosaini ya pembe hiyo, na kosaini huanza kushuka polepole sana. Ukikosea nyuzi 10 unapoteza asilimia moja na nusu. Nyuzi 20, asilimia 6. Nyuzi 30, asilimia 13. Baada ya hapo ndipo mteremko unapoanza kuwa mkali: nyuzi 45 asilimia 29, nyuzi 60 nusu nzima. Ndiyo maana paneli iliyolazwa bapa kabisa juu ya nyumba ya Dar es Salaam, ukichukua mwaka mzima, hupitwa kidogo mno na ile iliyopimwa kwa ustadi wote.

Pamoja na hayo, simshauri mtu kuilaza bapa. Sababu si jua bali vumbi na maji. Paneli iliyolala hukusanya vumbi, majani na kinyesi cha ndege, na mvua inaponyesha tope hutuama kwenye ukingo wa fremu, likikauka linabaki kama utepe wa saruji unaofunika safu ya chini ya seli. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha mvua ikaosha kioo yenyewe. Kwa Dodoma na Shinyanga, ambako mvua huadimika kwa miezi, ndoo ya maji na kitambaa laini haviepukiki. Osha alfajiri au asubuhi kabla kioo hakijapata moto, na usipande juu ya paneli hata kama fundi amekuambia inabeba uzito.

Lakini nyumba nyingi zimekwisha kujengwa, na mapaa yake hayakumuuliza mtu kuhusu jua. Ikiwa upande ulio wazi wa bati lako unatazama mashariki au magharibi kwa mteremko wa kawaida, funga paneli hapo hapo sambamba na bati. Utapoteza asilimia chache tu kwa mwaka, pungufu ya gharama ya fremu za chuma za kuzigeuza. Wanaogawa paneli zao nusu mashariki na nusu magharibi hupata hata faida: umeme huanza mapema asubuhi na kuendelea hadi jioni badala ya kurundikana saa sita, jambo jema kwa nyumba yenye betri ndogo. Sharti ni moja. Paneli zinazotazama pande tofauti zisiungwe kwenye mfululizo mmoja wa waya, kwa sababu katika mfululizo mkondo wa umeme hubanwa na paneli iliyo dhaifu kuliko zote. Kila upande uwe na mfululizo wake na, ikiwezekana, mlango wake kwenye kontrola au inveta.

Upande unaotazama kusini ndio unaohitaji tahadhari. Kwa mteremko wa nyuzi 10 bado unakubalika. Kwa paa kali la vigae, lenye nyuzi 30 au zaidi, ni heri utafute mahali pengine, hata kama ni juu ya banda la kuku.

Hali ya hewa ya mahali nayo ina neno lake. Nairobi mwezi Julai hufunikwa na mawingu asubuhi, na mara nyingi jua hutoka mchana. Huko paneli iliyoelemea magharibi kidogo haiko mahali pabaya. Kwenye miinuko ambako mawingu hujikusanya baada ya adhuhuri, mambo ni kinyume. Majirani walioishi hapo miaka mingi wanajua habari hizo kuliko mchoro wowote wa muuzaji.

Mambo yanayoiba umeme kwelikweli hayahusiani na dira. La kwanza ni kivuli. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, na kwa kawaida zimegawanywa katika makundi matatu, kila kundi likiwa na diodi ya kulipita iwapo limekwama. Jani moja la mwembe likifunika seli moja, kundi zima linaweza kuachwa nje, na theluthi ya umeme wa paneli ikaondoka nalo. Antena, tenki la maji juu ya mnara, waya wa nguo, ghorofa ya jirani iliyoanza kama msingi mwaka jana: vyote hivyo vinastahili kuangaliwa kabla ya kutoboa bati. Tena viangaliwe saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi, kisha ukumbuke kwamba kivuli kinachoangukia kusini Juni kitaangukia kaskazini Desemba. Fundi anayefika saa sita mchana, akatazama juu mara moja na kusema panafaa, ameona saa moja kati ya kumi na mbili.

La pili ni joto. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa maabara, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati la Dar es Salaam mchana wa Februari seli hufika 60 bila shida. Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 kwa kila nyuzijoto inayozidi 25, kwa hiyo hapo zimekwisha poteza asilimia 10 hadi 14. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kukosea mwelekeo kwa nyuzi 20, ila hakuna anayebishana nayo kwa kuwa haionekani kwa macho. Dawa yake ni nafasi: paneli ziinuliwe kiasi cha shubiri moja juu ya bati ili upepo upite chini. Kuzigandamiza kwenye bati kwa sababu zinapendeza ukiwa barabarani ni kulipia urembo kila siku.

Sasa tufike kwenye kufuata jua.

Wazo ni la zamani kuliko paneli zenyewe. Mwaka 1913 huko Maadi, kusini mwa Cairo, Mmarekani Frank Shuman alizindua mtambo wa vioo virefu vilivyopinda, vilivyogeuka kulifuata jua na kukusanya joto lake ili kuchemsha maji. Mvuke uliendesha pampu ya kumwagilia kutoka Mto Nile. Vioo vya Shuman vililazimika kugeuka, kwani kioo kinachokusanya miale mahali pamoja hakifai kitu kisipolitazama jua. Paneli ya kawaida haina sharti hilo. Hutumia pia mwanga uliotawanywa na mawingu, ukungu na unyevu wa hewa, mwanga unaotoka mbingu nzima, ambao kuufuata hakuna maana.

Hata hivyo faida ipo. Chukua siku ambayo jua linapita utosini. Saa mbili baada ya kuchomoza liko nyuzi 30 juu ya upeo, na paneli iliyolala inapata nusu tu ya miale yake; ile inayogeuka inapata yote. Karatasini, bila hewa wala wingu, paneli inayofuata jua ingeizidi iliyolala kwa asilimia 57. Lakini asubuhi na jioni, saa zile ambazo kugeuka kunasaidia zaidi, ndipo miale inapopita kwenye hewa nene na kufika imechoka. Ukiongeza mawingu, faida ya mhimili mmoja wa mashariki hadi magharibi kwa kawaida hubaki kati ya asilimia 15 na 25. Mhimili wa pili, wa kaskazini na kusini, huongeza kidogo tu katika nchi za karibu na ikweta.

Kwa mashamba makubwa ya umeme kiasi hicho si kidogo. Mtambo wa megawati 8.5 uliokamilika 2014 huko Rwamagana, Rwanda, kwenye ardhi ya kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, una paneli 28,360 zinazogeuzwa na kompyuta kutoka mashariki hadi magharibi, na ongezeko lililotajwa ni kama asilimia 20. Pale kuna wahandisi, ulinzi, vipuri na mkataba wa kuuza kila kilowati-saa.

Tuje nyumbani. Una paneli nne za wati 400. Kwa jua la pwani, baada ya kutoa hasara za joto, waya na inveta, zinakupa kama yuniti 6 kwa siku. Mtambo wa kufuata jua ukiongeza asilimia 20, umepata yuniti 1.2. Paneli ya tano, iliyofungwa na kusahauliwa hapo, inakupa yuniti 1.5. Bei ya paneli duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 2010. Bei ya chuma, mota, beringi na mikono ya kuvifunga haikushuka hivyo. Ulinganisho huo ungekuwa tofauti miaka 20 iliyopita, paneli moja ilipokuwa mali. Leo, kwa nyumba ya kawaida, sioni hoja inayousimamisha mtambo huo.

Tena hiyo ni hesabu ya mtambo unaofanya kazi. Paneli nne juu ya nguzo moja ni tanga, na kusi likivuma halitauliza kama kuna nahodha. Nguzo inadai zege, nafasi wazi uani, na boliti zisizoshika kutu. Unguja na Pemba chumvi ya hewani hula beringi na swichi za mota kabla mwenye nyumba hajaona dalili. Mtambo ukikwama jioni huku ukitazama magharibi, asubuhi nzima ya kesho imepotea. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi: kama betri yako hujaa saa nane mchana, umeme wa ziada wa saa tisa na saa kumi hauna pa kwenda. Mtambo utaendelea kulifuata jua, na kontrola itaendelea kuukataa umeme.

Wapo wanaouliza kama wageuze mwinamo kwa mkono mara mbili kwa mwaka, kaskazini wakati wa kusi na kusini wakati wa kaskazi. Kwa latitudo zetu faida ni asilimia chache. Kama paneli ziko chini uani, kazi hiyo haidhuru. Kama ziko juu ya bati, kuteguka mguu kutagharimu zaidi.

Mtu mmoja ninayemtetea katika habari hii ya kugeuza ni mkulima wa bustani mwenye pampu ya sola isiyo na betri. Pampu ya namna hiyo haivuti maji mpaka mwanga ufike kiwango fulani, hivyo kila saa ya asubuhi na alasiri inayookolewa ni maji ndani ya tenki. Yeye hahitaji mota wala kompyuta. Paneli zake mbili ziwe juu ya nguzo fupi yenye mhimili na pini ya kufungia. Asubuhi anazielekeza mashariki kwa nyuzi 60, adhuhuri anazilaza, alasiri anazipeleka magharibi. Kwa vituo vitatu tu, siku ambayo jua linapita utosini haliwi mbali na uso wa paneli kwa zaidi ya nyuzi 30, na tumekwisha kuona kwamba nyuzi 30 ni hasara ya asilimia 13 kwa wakati mbaya kabisa. Shambani yupo siku nzima hata hivyo. Akumbuke tu kuzilaza na kuzifunga kila jioni kabla ya kuondoka.

Wiki ijayo tutashuka kutoka paani tukiufuata waya: unene wake, urefu wake, na umeme unaopotelea njiani.