Kibarua Ng'ambo, Ndoa Nyumbani: Talaka Huombwa Wapi?



Mtu anapovuka mpaka kutafuta kibarua huchukua nguo zake, kitambulisho chake na jina la jamaa aliyemtangulia. Ndoa huiacha nyumbani. Miaka ikipita, ndoa nyingine huvunjika, na hapo ndipo swali huulizwa makambini na viwandani: "Mimi niko huku, mwenzangu yuko kule. Nikaombe talaka wapi?"

Swali hili si dogo. Anayelikosea huweza kutoa mshahara wa miezi kadhaa akanunua karatasi isiyo na thamani, kisha akaoa au akaolewa upya huku ndoa ya kwanza ingali hai. Tulieleze kwa kutumia sheria ya Tanzania Bara, kwa kuwa watu wengi wa huko wanafanya kazi katika nchi jirani. (Zanzibar ina utaratibu wake.)

Tuchukue mfano. Mtu wa Kagera anakata miwa Uganda. Alifunga ndoa ya mke mmoja, na mkewe yuko kijijini. Hawajaonana miaka minne. Mwenzake kambini anamwambia kwamba mjini yuko mtu anayetengeneza hati ya talaka kwa siku moja, mhuri juu yake. Je, ailipie?

Asilipe hata senti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa huvunjwa na kifo, au na amri ya mahakama, au na talaka ya nje ambayo sheria yenyewe imeikubali kwa masharti. Mhuri wa mtu wa mjini haumo.

MAKAZI YA KUDUMU NI NINI?

Ili kujua mahakama ya kwenda, lazima kwanza tuelewe neno moja la wanasheria: makazi ya kudumu. Hapa si mahali unapolala usiku wa leo. Ni nchi unayoihesabu kuwa kwenu, ambayo unakusudia kuishi humo au kurudi humo. Mkata miwa anayelala kambini lakini akatuma pesa za kujenga nyumba kijijini, na ambaye siku zote husema "nikimaliza nitarudi," huyo makazi yake ya kudumu bado ni Tanzania. Lakini aliyehamia moja kwa moja, akanuia kuishi na kuzikwa ugenini, makazi yake yamehama pamoja naye.

MLANGO WA KWANZA: NYUMBANI

Sheria ya 1971 inamruhusu mtu kuomba talaka Tanzania ikiwa makazi yake ya kudumu yako Tanzania, au ikiwa amekaa nchini kwa muda usiopungua mwaka mmoja kabla ya kupeleka ombi. Angalieni neno "au." Mfanyakazi aliye nje hana huo mwaka mmoja, lakini akiwa bado ni wa kwao anaingia kwa sharti la kwanza. Basi kufanya kazi nje hakumfungii mtu mlango wa mahakama ya nyumbani.

Kwa kawaida shauri huanzia kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo hujaribu kuwapatanisha. Likishindwa hutoa hati ya kusema hivyo, na hati hiyo hupelekwa mahakamani pamoja na ombi. Zenye mamlaka ni mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu.

Mke aliyeachwa kijijini naye asidhani kwamba amefungwa mikono mpaka mume arudi. Sheria inaondoa sharti la Baraza ikiwa mwenzake anaishi nje ya Tanzania na haielekei kwamba ataingia nchini katika miezi sita baada ya ombi. Vilevile inaliondoa ikiwa ametelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi. Kumtelekeza mwenzako kwa makusudi kwa miaka mitatu au zaidi ni moja ya mambo ambayo mahakama huyapokea kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

Lakini ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haiombewi talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama.

MLANGO WA PILI: UNAPOFANYA KAZI

Hapa pana mambo mawili, nayo yasichanganywe. Jambo la kwanza ni kama mahakama ya ugenini itakubali kukusikiliza. Kila nchi ina masharti yake. Sheria ya Talaka ya Uganda, iliyotungwa mwaka 1904, inataka mwombaji awe na makazi ya kudumu Uganda. Kwa hiyo mkata miwa wetu anayenuia kurudi Kagera hawezi kuvunjiwa ndoa kwa sheria hiyo, hata akiwa na kibali cha kazi mkononi.

Jambo la pili ni kama nyumbani wataitambua amri ya mahakama ya ugenini. Tanzania huitambua ikiwa mmoja wa wanandoa alikuwa na makazi ya kudumu katika nchi ya mahakama hiyo, au alikuwa akiishi huko kwa kawaida kwa miaka miwili au zaidi kabla ya ombi kupelekwa. Huitambua pia ikiwa mahakama ya nchi ya makazi ya kudumu ya mmoja wao imetamka kwamba ni halali. Kwa hiyo mtu aliyeingia nchi ya tatu kwa majuma machache, akapewa talaka na mahakama ya huko, akirudi nayo nyumbani huenda akaambiwa kuwa bado ana mke au mume.

NA TALAKA YA KUANDIKA?

Wafanyakazi Waislamu huuliza kama mtu anaweza kuandika talaka huko aliko na kuituma. Sheria ya Tanzania Bara inalikubali tendo la kuvunja ndoa kwa Kiislamu baada ya Baraza kushindwa kupatanisha, lakini mahakama ndiyo hutoa amri. Talaka iliyotolewa nje bila mahakama hutambuliwa ikiwa ni halali kwa sheria ya nchi ya makazi ya kudumu ya kila mmoja wao, au ikiwa mahakama ya nchi hiyo imeitamka kuwa halali. Barua peke yake isitegemewe.

HASARA NI YA NANI?

Karatasi ya uongo haimwumizi aliyeinunua tu. Mtu mwenye ndoa ya mke mmoja akifunga nyingine kabla ya ile kuvunjwa, ndoa ya pili ni batili. Mwanamke aliyeishi naye kambini miaka kumi, akidhani ni mke halali, atakuja kushangaa siku ya msiba, pale mke wa kijijini atakapokuja na cheti chake kudai mirathi.

Mali nayo ina sheria yake. Mahakama ya Tanzania inapotoa talaka ina uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa jasho la wote wawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Basi aliyebaki akilima na kulea watoto asiambiwe kwamba nyumba ni ya mtuma pesa peke yake. Na kumbukeni kwamba mahakama ya ugenini, kwa kawaida, haina nguvu juu ya shamba lililo nchi nyingine.

LA KUFANYA

1. Tunza cheti cha ndoa, au nakala yake.

2. Weka ushahidi wa mahali unapoishi na tangu lini: mkataba wa kazi, hati za mshahara, kibali, stakabadhi za pesa ulizotuma.

3. Kabla ya kupeleka ombi, uliza maswali mawili: mahakama hii ina mamlaka juu yangu? Na kwetu wataitambua amri yake?

4. Mwombe katibu wa tawi lako akuelekeze kwa wakili au kwa msaada wa sheria. Katika mahakama ya mwanzo, jamaa yako huweza kuruhusiwa kukuwakilisha, lakini jiandae kwamba huenda ukatakiwa kufika mwenyewe kutoa ushahidi.

5. Usifunge ndoa mpya mpaka amri ya mahakama iko mkononi.

Ndugu mfanyakazi, nauli ya kurudi nyumbani kulimaliza shauri ni kubwa, tunajua. Lakini ni ndogo kuliko gharama ya familia mbili kugombana juu ya kaburi moja.