Uwanja wa Shule Si Kiwanja cha Ndege

Msimu wa kampeni uwadiapo, wanasiasa huteremka kutoka angani hadi Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mara nyingi hutua katika uwanja wa shule. Wanafunzi hutoka madarasani mbio, na mwalimu hubaki na ubao wake. Sielewi jinsi tulivyolizoea jambo hili.

Wengi hudhani kwamba helikopta, kwa kuwa yaweza kusimama angani, yaweza kutua popote. La hasha! Karibu na ardhi, adui mkubwa wa rubani ni waya. Sisi tulio chini huuona waya kwa kuwa nyuma yake pana anga. Yeye aliye juu huutazama ukiwa umemezwa na majani na udongo. Ndiyo maana rubani hufundishwa kuzitafuta nguzo kwanza, kisha avukie juu ya nguzo yenyewe, si katikati ya mbili. Lakini nguzo nayo huweza kufichwa na mwarobaini. Tena, joto la alasiri ya Voi huifanya hewa kuwa nyepesi, mashine ikapungukiwa na nguvu ya kupaa wima. Na vumbi jekundu humfumba rubani macho papo hapo anapohitaji kuuona mlingoti wa bendera.

Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyomchukua Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, iligonga nyaya za umeme ikipaa kutoka Busia. Waziri na marubani wawili walifariki. Na hicho kilikuwa kiwanja cha ndege! Huko London, tarehe 16 Januari 2013, rubani aliyekusudia kutua katika kiwanja cha helikopta cha Battersea aligonga winchi ya ujenzi penye ukungu. Alikufa yeye na mpita njia mmoja, ingawa marubani walikuwa wametangaziwa habari za winchi hiyo.

Je, nani hututangazia waya uliovutwa muhula uliopita hadi jikoni mwa shule? Mwalimu mkuu anaujua, rubani haujui. Basi atakaye kutua na aandike barua mapema, naye ajibiwe kwa mchoro: nyaya, miti, magoli, mabati yaliyolegea. Siku yenyewe wanafunzi wakae madarasani hadi mapanga yakome kuzunguka. Mwalimu mkuu asiporidhika, akatae, na ofisi ya elimu imkinge.

Mgeni wa Voi asiye na subira hiyo anacho kiwanja cha ndege cha Ikanga, na safari ya gari kutoka huko hadi mjini si ndefu.