Wizi wa Kuvunja Nyumba: Jina na Kosa katika Mahakama za Taita Taveta

Sheria ya Kenya huruhusu mahakama za chini, zikiwemo zile za Voi, Wundanyi na Taveta, kuendesha kesi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hati ya mashtaka aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, kisha karani humfasiria mshtakiwa. Kosa lililo katika kifungu cha 304 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, huitwa kwa kawaida "wizi wa kuvunja nyumba usiku". Jina hilo linaeleweka upesi, lakini linapotosha: kosa lenyewe halihitaji wizi kufanyika, wala kitu chochote kuvunjika.

Katika Kiswahili cha kila siku, kilichovunjwa huacha vipande. Sheria haidai hivyo. Kwa mujibu wa kifungu cha 303, anayefungua mlango, dirisha au kifuniko kwa kukisukuma, kukivuta au kukiinua amevunja. Mlango uliorudishiwa tu, bila komeo wala kufuli, ukisukumwa kwa kiganja umevunjwa. Aidha, anayemlaghai mwenye nyumba hadi akafunguliwa, au anayekula njama na mtumishi aliyemo ndani, huhesabiwa kuwa amevunja na kuingia. Kinyume chake, aliyepita kwenye mlango ulioachwa wazi hakuvunja. Yeye huangukia kifungu cha 305, chenye adhabu nafuu kidogo.

Kuingia nako kuna maana pana. Sehemu yoyote ya mwili ikipita kizingiti, au hata ncha ya ufito uliopenyezwa dirishani ili kunasa nguo, inatosha.

Jengo sharti liwe makazi ya watu. Hema pia limo. Duka na ghala zina kifungu chao, cha 306.

Nguzo kuu ya kosa ni nia ya kutenda kosa kubwa la jinai humo ndani. Si lazima iwe nia ya kuiba: aliyeingia ili abake au aue amelitenda kosa hili, hata kama hakugusa kijiko. Kukitendeka mchana, kifungo hufikia miaka 7. Usiku, miaka 10. Usiku wa sheria huanza saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi, kipimo kinachokaribiana na machweo ya Voi mwaka mzima. Uingereza, ambako ndiko asili ya dhana hii, sheria ya mwaka 1916 iliuhesabu usiku kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Sheria yao ya Wizi ya mwaka 1968 iliyafuta masharti ya kuvunja na ya usiku, ikabakiza kuingia bila haki kwa nia mbaya. Kenya iliyahifadhi yote mawili.

Tofauti hii ya jina na kosa hudhihirika wakati wa kujibu shtaka. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza mshtakiwa aelezwe viungo vyote vya kosa kwa lugha anayoielewa. Mzungumzaji wa Kidawida anayeulizwa tu kama "alivunja" anaweza kukana kwa moyo mweupe, ilhali alisukuma mlango. Mwingine atakiri: "Ni kweli niliingia, lakini nilitafuta pa kulala." Huyo hajakiri kosa, kwa kuwa nia haimo, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana.