Maji Yanayorudi (4): Siberia, Ndago na Mto Ngerengere

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua jinsi mkojo wa wanaanga unavyosafishwa hadi kurudi kikombeni. Leo ilikuwa zamu ya oksijeni, lakini habari za mgao wa maji Morogoro zimenigeuza njia.

Ili tuone maji hayo hupita wapi kabla ya kutufikia, nianze mbali, na Josef Gitelson, daktari wa Kisovieti aliyehamia fizikia ya viumbe. Yeye na wenzake walijenga Krasnoyarsk, Siberia, makazi ya chuma yasiyopitisha hewa, BIOS-3, yaliyokamilika mwaka 1972. Watu hadi watatu kwa wakati mmoja walijifungia humo. Jaribio refu kuliko yote lilichukua siku 180. Hewa waliyovuta ilitoka kwenye mwani na ngano waliyoipanda wenyewe, na mvuke wa mimea ulipozwa ukawa maji. Kwa ajili ya mafuta walilima mmea wa jamii ya ndago, ndugu wa gugu lile linalomtesa mkulima wa Mgeta, huko Uluguru, kila palizi! Humo hamkuwa na mahali pa kutupa majitaka. Uchafu ulioingia majini ungekurudia wewe mwenyewe.

Sisi wa Morogoro na Dar es Salaam mtambo kama huo tumepewa bure. Misitu ya milima ya Uluguru hunasa ukungu wa Bahari ya Hindi, na udongo wake huachia maji kidogo kidogo hata kiangazi. Mto Ngerengere hujaza Bwawa la Mindu, hunywesha mji, hupokea majitaka yake, kisha huingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio kisima cha Dar es Salaam. Mkazi wa Kariakoo anakunywa maji yaliyokwisha kutumika Morogoro. Anayeosha gari mtoni na alitambue hilo.

Na maji yakipungua au kuchafuka, tusimtupie lawama zote mkulima wa mlimani. Mwaka 1955 Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, waliandamana Matombo wakipinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa na mkoloni, na damu ikamwagika. Nusu karne baadaye, katika Kibungo Juu, humohumo Uluguru, wakulima walichimba matuta hayohayo na kupanda miti kwa hiari, kwa kuwa safari hii walilipwa, sehemu ya fedha ikitoka kwa DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar es Salaam wakati huo, na Coca-Cola. Mkulima anayetunza chanzo cha maji anafanya kazi, na kazi ina ujira. Malipo ya namna hiyo yaingizwe kwenye ankara za maji za Morogoro na Dar es Salaam, yasingoje wafadhili.

Oksijeni tutaigeukia wiki ijayo.