Rekodi Sita za Namba 2,140,497

Sensa ya Agosti 2022 iliwahesabu wakazi wa mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, kuanzia Bariadi na Itilima hadi Busega, Maswa na Meatu, ikapata 2,140,497. Wapanga mipango huitazama namba hiyo wakiwaza madarasa na zahanati. Tuiweke mipango kando: namba yenyewe ina mambo yake, na mengi yanahakikiwa kwa penseli na karatasi tu.

1. Kigawo tasa kikubwa kuliko vyote: 5,531
Jumlisha tarakimu: 2+1+4+0+4+9+7 = 27. Kwa kuwa 27 hugawanyika kwa 9, namba nzima nayo hugawanyika kwa 9. Jibu ni 237,833, ambayo ni 43 × 5,531, na 5,531 haivunjiki tena. Idadi ya wakazi katika sensa ya 2012, mwaka mkoa ulipoanzishwa, ilikuwa 1,584,157. Tarakimu zake zinajumlika 31, hivyo hata kwa 3 inagoma.

2. Mraba ulio karibu zaidi: 1,463
Wapange wakazi wote kwenye mraba, safu 1,463 zenye watu 1,463 kila moja. Watabaki 128 tu. Hao nao wanatosha kabisa miraba miwili midogo ya 8 kwa 8. Kila mtu akipewa mita moja ya mraba, mkoa mzima utaenea kwenye uwanja ambao kila upande haufiki kilomita moja na nusu.

3. Bingwa wa vigawo: Tanzania yenyewe
Idadi ya nchi nzima, 61,741,120, ni 64 × 5 × 7 × 43 × 641. Ina vigawo 112. Simiyu ina 12. Hata hivyo zina undugu: kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizi mbili ni 43. Makundi 43 yaliyo sawa yangekuwa na watu 1,435,840 kila moja kitaifa, na 49,779 kila moja Simiyu.

4. Kigawo chenye jina kubwa zaidi: 641
Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwenzake, Euler, alimkosoa: ni 641 × 6,700,417. Kigawo hichohicho kimejificha ndani ya hesabu ya Watanzania.

5. Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana
Rekodi iliyotangazwa Oktoba 2024 ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Kila mkazi wa Simiyu akiandika tarakimu 19, bado zitasalia 354,877 za kugombaniwa.

6. Rekodi rahisi kuliko zote kuvunjwa
Angeongezeka mtoto mmoja tu Maswa kabla ya kuhesabiwa, undugu wa 43 ungekatika na idadi ingekuwa shufwa. Angekosekana mtu mmoja Meatu, ingekuwa 2,140,496, inayogawanyika kwa 16 bila baki. Hakuna aliyeichagua 2,140,497. Imetokana na waliozaliwa, waliohamia na waliokutwa na karani. Kwa utaratibu wa kila miaka 10, sensa ijayo ni 2032, na orodha hii itaanza upya kwa kujumlisha tarakimu.