Rili ya Tarbolton na Swali la Matini Asilia

Mwanafunzi anayeanza uhakiki wa matini hufundishwa kuitafuta nakala iliyo karibu zaidi na chanzo. Njia hiyo ni njema, nasi twaifundisha. Hata hivyo inalo sharti linalosahaulika mara nyingi, yaani kwamba palikuwapo chanzo kimoja kilichoandikwa. Ili kulionyesha sharti hilo tumechagua mfano ulio mbali na Biblia: muziki wa dansi wa Waayalandi, ambao mapokeo yake yamehifadhiwa kwa nota na kwa sauti pia.

Rili ni muziki wa mwendo wa haraka, kwa kawaida wenye sehemu mbili fupi zinazorudiwa pasipo kusimama. Ile iitwayo Tarbolton ina jina la kijiji cha Ayrshire, huko Uskoti. Lakini wapigaji wengi wa leo, moja kwa moja au kupitia kwa wengine, wameipokea kutoka katika santuri iliyorekodiwa New York mwaka 1934. Mpigaji alikuwa Michael Coleman, mpiga fidla aliyezaliwa Killavil, katika Sligo, mwaka 1891, akahamia Marekani mwaka 1914. Katika santuri hiyo aliunganisha rili tatu: The Tarbolton, The Longford Collector na The Sailor's Bonnet. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua takribani dakika tatu tu, hivyo mashine yenyewe iliamua kila rili irudiwe mara ngapi. Hata hivi leo, anayeanza ya kwanza hutazamiwa kuendelea na hizo mbili kwa utaratibu uleule. Santuri za Coleman zilirudi Ayalandi, zikapendwa mno, na mitindo ya wilaya nyingine ikafifia mbele yake. Kipigo cha siku moja kikawa kanuni.

Kabla yake palikuwa na kazi ya nota. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork na mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, alichapa mwaka 1903 mkusanyo wa vipande 1,850, na mwaka 1907 mwingine wa 1,001. Yeye alipiga filimbi, lakini kazi ya kuandika nota ilimtegemea sana James O'Neill, ambaye hakuwa ndugu yake. Basi kati ya mpigaji na ukurasa alisimama sikio la mtu wa pili, naye alipaswa kuchagua. Mpigaji hodari hupamba sauti ileile kwa namna mbalimbali kila airudiapo. Mwandishi huandika mara moja. Breandán Breathnach, aliyetoa mkusanyo wake wa kwanza mwaka 1963, alitaja ni nani aliyempa kila kipande. Twaona hiyo ni busara kuu, maana msomaji huambiwa kwamba anasoma kipigo cha mtu fulani.

Sasa tuseme mtafiti anazo nota tano za Tarbolton zinazotofautiana. Je, atumie kanuni ya Bengel, Mlutheri wa Württemberg aliyechapa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1734, kwamba somo gumu lipewe nafasi mbele ya somo jepesi? Kanuni hiyo humfaa mnakili, kwa sababu mnakili hulainisha. Mpiga fidla si mnakili. Ugumu katika kipigo chake yamkini ni pambo la jioni ile.

Tofauti hii yatuhusu tufasirio Sala ya Bwana. Maneno ya sifa mwishoni mwa Mathayo 6:13 hayamo katika nakala za kale zilizo bora. Hapo tumo katika kazi ya wanakili, na Bengel ni kiongozi mwema. Lakini urefu wa sala katika Mathayo 6 na ufupi wake katika Luka 11 ni jambo jingine. Yawezekana Bwana aliwafundisha wanafunzi zaidi ya mara moja, na makusanyiko yaliisali kabla ya kuiandika. Tumesoma kazi nyingi za wanafunzi zinazoikata sala ya Mathayo ili kuipata "ile ya kweli", na mara nyingine mkato huo hufika mimbarani. Anayefanya hivyo amekwisha kuamua, pasipo ushahidi, kwamba ilisemwa mara moja tu.