Je, Wajua? Chapati za Jioni na Hesabu za KRA

Je, wajua kwamba faida ya chapati unazouza jioni pale Umoja, Nairobi, yaweza kukatwa asilimia 30? Naam, hizo hizo za mbao mbao! Ukiwa mwajiriwa wa mshahara wa 50,000 kwa mwezi, faida ya kando hubebeshwa juu ya mshahara, na shilingi yake ya kwanza hutua moja kwa moja kwenye daraja la asilimia 30. Faida 10,000, ya Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA) 3,000. Weka kikombe chini kwanza.

Na jirani yako asiyeajiriwa, anayebaki na faida ya 24,000 kwa mwezi, anadaiwa ngapi? Sufuri! Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, na nafuu ya kila mlipa ushuru mkazi ni 2,400 kwa mwezi. Zimekutana, zimekufa. Kona moja, unga mmoja.

Sogea karibu, hii ndiyo inayonimaliza mimi. Mauzo ya biashara yakivuka milioni 1 kwa mwaka, bila kupita milioni 25, unahamia ushuru wa mauzo: asilimia 3, ila ni ya mauzo yote, faida isiulizwe. Sasa tazama. Mwajiriwa wetu wa 50,000 anauza mitumba ya 900,000 kwa mwaka, anabaki na faida ya 300,000: ushuru 90,000. Mwenzake wa kibanda cha pili anauza ya 1,200,000: ushuru 36,000! Aliyeuza zaidi kalipa kidogo. Nimeirudia hesabu hii mara tatu kwenye simu, haibadiliki.

Kuku wako wa Kayole wamekufa wote, umekula hasara? Pole sana. Lakini wajua hasara hiyo haipunguzi ushuru wa mshahara wako hata senti? Inakaa kando ikisubiri kuku wengine walete faida.

Unga wa chapati nao una vituko. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haikubaliki kupunguza faida. Ile karatasi ya duka iliyolowa mafuta, yenye maandishi ya kalamu? Fungia mandazi.

Umefanya kazi ya ushauri wikendi, kampuni ikakulipa 24,000 au zaidi? Asilimia 5 imeshakatwa ikapelekwa kwa PIN yako, kwa hiyo KRA walijua kabla hujamwambia mkeo! Hata pesa za video zako mtandaoni, tangu Julai 2023, ni asilimia 5 hiyo hiyo. Uzuri ni kwamba, ukifaili ritani, kilichokatwa hutolewa kwenye deni lako.

Huku kwetu kodi ni ya landilodi, ushuru ni wa serikali. Basi wajua kodi yenyewe ina ushuru? Vyumba vyako vikileta zaidi ya 288,000 kwa mwaka, asilimia 7.5 ni ya KRA, hata kabla hujapaka ukuta rangi. Hadi mwisho wa 2023 ilikuwa 10!

Usidhani ushuru ni mambo ya juzi. Waingereza walianza kutoza ushuru wa vibanda vya kuishi mwaka 1901, nao ulihesabiwa kwa rupia. Ushuru wa mapato ulifika 1937, mtaa wa Kaloleni ukiwa bado haujajengwa.

Siku ya mwisho ya kufaili ritani ni Juni 30, foleni ya saiba ikifika barabarani na kila mtu kashika fomu ya P9 ya mwajiri iliyokunjwa mara nne. Ukichelewa, faini ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa.

Na PIN yako, umewahi kuitazama vizuri? Ya mtu huanza na A, ya kampuni huanza na P, zote zina tarakimu 9 katikati na herufi moja mkiani. Haya, bila kuchungulia simu: yako inaishia na herufi gani?